Tuige akili ya mgodini, tuache mabaki yake



Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana mmoja wa Kahama. "Bwana shamba, njoo uone, mpunga wetu unanuka moshi." Nikajua tayari. Nilipofika nikakuta kikundi cha vijana sita wamekaa kwenye magunia, wamenyamaza. Mnunuzi alikuwa ameshika kiganja cha mchele, akanusa, akarudisha kwenye gunia, akaondoka na lori lake tupu.

Mashine yao ya kukaushia ni ya kawaida, nyingi tunazotengenezewa mitaani zinafanana nayo. Tanuri linachoma pumba za mpunga, moshi unapita ndani ya mabomba ya chuma, feni inasukuma hewa safi kwa nje ya mabomba hayo, na ile hewa ya moto ndiyo inayoingia kwenye nafaka. Moshi na nafaka havipaswi kukutana kabisa. Bomba likitoboka, vinakutana. Hili lilikuwa limetoboka msimu wa pili tu, na fundi aliyelitengeneza aliwaambia wapake rangi ya silva. Wakapaka. Mara mbili.

Nimeamua kuandika kuhusu hili kwa sababu ni kesi ya tatu naiona, na kila mara jibu la fundi ni moja kati ya haya mawili: "paka silva" au "tafuta chuma kizito cha mgodini". Mimi nasema yote mawili ni kupoteza hela, na la pili linaweza kukuua.

Tuanze na kinachokula hilo bomba, maana ni wezi wawili na kila mmoja ana mlango wake.

Mwizi wa kwanza ni joto. Chuma cha kawaida kikipata moto mkali kinashika kutu hata bila maji. Hewa inaungana na chuma, linatokea gamba jeusi. Tanuri likipoa usiku gamba linapasuka na kudondoka, kesho ukiwasha linatokea jipya, na kila gamba linaondoka na kipande cha bomba lako. Mpaka kama nyuzi 500 za Selsiasi chuma cha kawaida kinavumilia. Ukivuka 550 hivi, kinaisha haraka. Huna kipimajoto? Subiri usiku, zima taa zote, angalia bomba lako. Chuma kinaanza kung'aa wekundu hafifu gizani kikifika karibu nyuzi 525. Ukiona wekundu, kila usiku wa kukausha unalipia chuma, hata kama hujatoa shilingi mfukoni.

Mwizi wa pili ni majivu. Sisi watu wa kilimo tunalijua neno mmomonyoko, tunalitumia kwenye udongo kila siku. Chuma nacho kinamomonyoka. Pumba ngumu ya mpunga ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga wenyewe, na ukiichoma inabaki majivu kama asilimia 20 ya hiyo pumba. Majivu hayo kwa asilimia 85 mpaka 95 ni silika, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kwenye kioo. Unachukua mchanga laini, unaupeperusha na feni ndani ya bomba la moto saa kumi na mbili kwa siku. Unategemea nini? Bomba la wale vijana lilitobokea kwenye kona, upande wa nje, pale moshi unapogeuka na majivu yanashindwa kugeuka. Ukishika pale palikuwa pembamba kama karatasi. Mita moja kutoka hapo, upande wa motoni, bomba halikuwa na tundu ila lilikuwa linabanduka magamba kama samaki.

Magunzi ya mahindi na mashina ya pamba yana tabia tofauti. Najua wengi mnayachoma, hasa mashina ya pamba ambayo sheria inatutaka tuyang'oe na kuyachoma baada ya mavuno kwa ajili ya wadudu, mtu anasema bora yapitie kwenye tanuri kuliko kuwaka bure shambani. Sawa. Lakini yana potasiamu nyingi. Majivu yake yanayeyuka mapema, yanaganda kwenye chuma, yanalilainisha lile gamba ambalo angalau lilikuwa linakikinga chuma. Ukiyachanganya na pumba moto ukiwa mkali, silika na potasiamu vinaungana vinatoa vigae vigumu kama kioo kichafu, vinaziba chekeche la chini ya moto. Choma kimoja kimoja. Na wale mnaowashia moto kwa vipande vya bomba za plastiki za umwagiliaji au maturubai ya zamani, acheni. Plastiki ya PVC ina klorini, inatoa mvuke wa tindikali. Ni mbaya kwa mapafu yako na kwa bomba lako vilevile.

Sasa rangi ya silva. Rangi ya kawaida ya mafuta inaungua kabla hata chuma hakijapata shida. Ile rangi maalum ya alumini inayopakwa kwenye eksozi ipo, na ile halisi inavumilia mpaka kama nyuzi 600, lakini ina masharti: chuma kisuguliwe mpaka kiwe cheupe, kusiwe na mafuta wala kutu, ipakwe nyembamba, kisha ipashwe moto taratibu ili ikauke vizuri. Nani kati yetu amefanya hivyo? Tunapaka juu ya kutu jioni, asubuhi tunawasha. Halafu hata ikipakwa vizuri iko nje ya bomba, wakati majivu yanakula kwa ndani. Ni sawa na mtu anayeumwa tumbo umpake mafuta mgongoni.

Bomba la GI, lile la maji, ndilo linaloniudhi zaidi. Fundi anakwambia "hili lina zinki, halishiki kutu". Kweli, kwenye mvua. Zinki inayeyuka nyuzi 419 tu, na kwenye moto mkali inageuka moshi mweupe. Kwa hiyo ndani ya wiki ya kwanza ile kinga uliyoilipia imeshapaa. Na fundi anayelichomelea bila kuondoa zinki anaivuta ule moshi. Saa chache baadaye anatetemeka, homa, viungo vinauma, kichwa. Huku kwetu mtu akiwa hivyo jibu ni moja, malaria, anaenda kununua dawa. Kesho yake yuko sawa, anasema dawa imefanya kazi. Ile ilikuwa homa ya mafusho ya zinki. Maziwa wanayokunywa mafundi hayaizuii, samahani kwa wauza maziwa. Kinachozuia ni kusugua zinki kwa grainda sehemu ya kuchomelea, kufanyia kazi nje penye upepo, na barakoa ya kweli yenye kichujio, siyo kitambaa.

Sasa nije kwenye migodi.

Tunaishi kwenye ukanda ambao kazi yake kubwa ni kusaga mawe. Mwadui wanachimba almasi tangu 1940. Geita mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi ukafuata na ukasimamisha uzalishaji 2021. Ongeza makarasha ya wachimbaji wadogo kila unapopita kuanzia Kahama mpaka Geita. Hakuna sehemu nyingine nchini yenye mafundi wengi hivi wanaojua jinsi jiwe linavyokula chuma. Waliofanya kazi Buzwagi wengine sasa hivi wana karakana zao mitaani Kahama, mnapishana nao kila siku. Hilo ni darasa la bure na hatulitumii. Tunachokitumia ni chuma chakavu chao.

Nimeona kwa macho yangu pipa la sayanidi limekatwa likawa tanuri la kukaushia mahindi. Nimeona bamba lililotoka kwenye eneo la kuchomea dhahabu limewekwa kama sakafu ya jiko la kikundi cha akina mama. Jamani. Zebaki iliyojipenyeza kwenye kutu ya bamba ukiipasha moto tena inapaa tena, haina rangi wala harufu, na inayemdhuru zaidi ni mama mjamzito na mtoto. Pipa la sayanidi halisafishiki kwa sabuni wala kwa kuchoma, na mtu akijaribu kuliosha kwa tindikali ya betri anaweza kutoa gesi ya kuua pale pale. Kemikali hizi na vifungashio vyake viko chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sababu hiyo. Pipa hilo hata ukipewa bure ni ghali. Na siku mnunuzi wa nje akipima mzigo wako, usije ukaniuliza mimi.

Kwa hiyo chuma chao hapana. Akili yao ndiyo naitaka.

Fundi wa mgodini akikuta bomba linalika, swali lake la kwanza halihusu apake nini juu yake. Anauliza kwa nini vitu vinapita kwa spidi hiyo. Ulaji wa chuma na majivu unapanda haraka kuliko spidi yenyewe: ukiongeza spidi mara 2, ulaji unaongezeka kati ya mara 4 na mara 8. Igeuze sasa hiyo hesabu iwe faida yako. Bomba la inchi 4 ukilibadilisha liwe la inchi 6, nafasi ya kupita inaongezeka mara 2 na robo, moshi ule ule unapita polepole, na ulaji unashuka mpaka sehemu moja ya tano, pengine moja ya kumi. Hujapaka chochote. Tofauti ya bei kati ya bomba hizo mbili ni ndogo kuliko mzigo mmoja uliokataliwa. Kabla hujafikiria rangi au chuma cha ajabu, panua bomba na punguza feni. Wengi wenu feni ni kubwa kuliko tanuri, mnapuliza majivu yote yapande juu wakati yangetulia chini.

Swali lake la pili: je, jiwe linaweza kupiga jiwe badala ya kupiga chuma? Pale mawe yanapodondokea, mafundi wa migodini wanaweka kijiweko kinachokamata mawe machache yabaki hapo. Mawe yanayofuata yanagonga yale yaliyobaki, chuma kilicho chini kinapumzika. Kwenye bomba letu ni hivi: badala ya kona ya mviringo, weka kiungo cha T, upande mmoja uzibe. Majivu yanajaa kwenye ule upande uliozibwa, yanakuwa mto, majivu mapya yanagonga majivu. Ukizibia kwa kifuniko cha bolti unakifungua kila wiki kusafisha. Niliwaambia wale vijana sita wafanye hivi, na mmoja akacheka akasema "yaani uchafu ndio kinga?" Ndiyo, uchafu ndio kinga. Ila angalizo: usifanye hivi sehemu ambayo nafaka inapita. Punje zilizobaki kwenye kijiweko zinaota ukungu na kufuga wadudu. Huko kwenye nafaka weka bamba la kubadilisha, basi.

Ndipo tunafika kwenye kinga yenyewe, ngozi ya kuvalisha chuma. Kwenye boila kubwa, mfano za viwanda vya sukari kama Kilombero na TPC Moshi zinazochoma mabaki ya miwa, shida ni hii hii ya mchanga na joto. Duniani boila za namna hiyo zinavalishwa kwa njia mbalimbali: kupuliziwa tabaka la nikeli na kromiamu lililoyeyushwa, kuvishwa mabamba ya kafara mbele ya safu ya kwanza ya mabomba, kujengewa ukuta wa matofali ya moto. Zote tatu zina somo. Ya kwanza isahau, vifaa vyake na bei yake ni vya watu wengine. Ya pili na ya tatu zinawezekana kijijini.

Ya tatu ndiyo naipigia debe kwa nguvu zote. Vaa tanuri lako udongo! Jenga chumba cha moto kwa matofali yaliyochomwa vizuri, piga lipu kwa udongo wa kichuguu, na majivu ya pumba uyaweke nyuma ya matofali kama blanketi la kuzuia joto. Moto wa pumba unaweza kufika nyuzi 800 mpaka 1,000, basi ufike huko ndani ya udongo, siyo ndani ya chuma. Ule moshi ukiruhusiwa kuzunguka kidogo kwenye chumba cha matofali kabla ya kuingia bombani, unapoa na majivu mazito yanadondoka. Bibi zetu walijua udongo wa kichuguu unastahimili moto, waliokuja na tanuri la bati tupu ni sisi wasomi. Hata mafundi matofali wa huku Shinyanga wanaochoma kwa pumba wanajua.

Usipandishe moto wa pumba bila sababu lakini. Ukizidi nyuzi 700 au 800 kwa muda mrefu, silika kwenye majivu inaanza kubadilika kuwa ya fuwele, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Majivu ya kijivu na meupe yakusanye yakiwa yamelowa, usiyafagie makavu.

Ya pili, bamba la kafara: mita ya kwanza ya bomba kutoka kwenye moto ndiyo inayoteseka, zilizobaki zinakula kivuli. Kwa hiyo usinunue stenlesi ya mashine nzima. Nunua kipande cha mita moja tu cha kuanzia, kifungwe kwa flanji na bolti, siyo kuchomelewa moja kwa moja. Stenlesi ya kawaida ya 304 inavumilia zaidi ya nyuzi 800 hewani kwa sababu kromiamu yake inatengeneza gamba jembamba linaloshika, halibanduki ovyo. Ndiyo kinga bora, maana inajiponya ikikwaruzwa. Fundi asiichomelee stenlesi kwenye bomba la GI. Zinki iliyoyeyuka inaingia kwenye stenlesi na kuipasua.

Kuna kijana atasema: bwana shamba, bomba la kawaida ni bei chee, nitabadilisha kila msimu. Kwa chekeche la chini ya moto nakubali kabisa, weka chuma cha bei nafuu, kikiisha tupa. Kwa bomba linalotenganisha moshi na chakula sikubali, kwa sababu halikupigii simu siku linapotoboka. Tuseme unakausha magunia 300 na kwenye kila gunia mnunuzi anakukata shilingi 5,000 kwa ajili ya harufu. Hiyo ni milioni moja na nusu. Weka bei yako halisi hapo, halafu nenda kaulize bei ya mita moja ya stenlesi.

Jambo la mwisho, na hapa najua nitagombana na mafundi rafiki zangu. Kuna mtindo umeingia wa kuchukua zile rodi ngumu za kromiamu ambazo migodini wanachomelea kwenye meno ya vijiko vya kuchimbia, na kuzichomelea kwenye nyundo za mashine ya kusaga unga. Nyundo inadumu, kweli. Lakini lile tabaka ni gumu na linapasuka nyufa, kipande kikitoka kinaingia kwenye unga, na vipande vya aina hiyo vingi havishikwi vizuri na sumaku, hivyo sumaku uliyofunga kwenye mashine inakudanganya. Halafu nyundo zikitofautiana uzito, beringi inakufa mwezi huo huo. Nyundo ya kawaida ina kona nne: igeuze mara nne, kisha nunua seti mpya. Rodi ngumu peleka kwenye jembe la kukokotwa na kwenye meno ya trekta. Huko sina ugomvi, na ukichomelea fanyia nje, kwa sababu moshi wa kromiamu ni mbaya kuliko wa zinki.

Wale vijana wa Kahama wameshang'oa mabomba. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodini amekubali kuwafungia T mbili na kipande cha stenlesi, matofali wanachoma wenyewe. Mchele uliokataliwa wameuza kwa hasara kwa wapika pombe. Nitapita kwao wiki ya pili ya mavuno, usiku, tuzime taa tuangalie kama bomba linang'aa. Mwenye tanuri maeneo ya Msalala au Ushetu na anataka tupite kwake pia aniandikie, ila kwanza fungua kona ya bomba lako, bonyeza upande wa nje kwa bisibisi, uniambie imeingia au haijaingia.